Waraka wa Kusomwa Jukwaani

Kyoto, 11 Novemba 1930

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, koo lako halijambo, na mama yangu anaendelea na dawa ya magoti. Mimi ni mzima. Baridi imeanza. Asubuhi wino unaganda, inabidi tuuweke karibu na jiko la makaa kabla hatujaanza kunakili.

Usishangae kuona bahasha ya kampuni. Barua binafsi za makarani siku hizi zinapitiwa na mlinzi langoni, hasa zinazokwenda kwetu Sakata, kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba Asagiri Ruri, nyota wao wa sinema, ametokea huko. Kwa hiyo hii nimeichanganya na nyaraka tunazowatumia ninyi wasimulizi wa kumbi za sinema, mnaozipa sauti picha zetu bubu. Nimefikiri sana na nimeona ndiyo njia ya usalama.

Mjomba, dada Mitsue anaumwa. Najua ulisema jina hilo lisitajwe mbele yako, na tangu ulivyosema sijalitaja. Nalitaja sasa kwa sababu wewe ndiye baba yake na sina namna. Ni mapafu. Alianguka studioni mwezi uliopita wakati anapigwa picha, na mpiga picha akaendelea kuzungusha mkono wa kamera, maana alidhani ndiyo mchezo wenyewe. Kwa muda hakuna aliyekwenda kumwinua. Waliposogea ndipo walipoona damu kwenye mkono wa kimono.

Wamempangia nyumba kule Saga, mbali na watu. Picha yake ya Mwaka Mpya haikuwa imekwisha, kwa hiyo katika sehemu zilizobaki wanamsimamisha msichana mwingine, amevaa nguo zake na kugeuza mgongo. Tumekatazwa kusema. Mkuu wangu wa ofisi ya matangazo, Bwana Orito, ametuambia kwamba atakayetoa neno nje atafute kazi nyingine. Na kazi nyingine hakuna, Mjomba. Unajua vijana waliosoma wanavyozurura mwaka huu.

Nilikwenda kumwona Jumapili. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kama kuna mtu wake wa kuitwa, aitwe sasa. Mitsue mwenyewe hakunituma nikuite. Aliniuliza tu kama bado unasimulia picha zake pale ukumbi wa Kikusui. Nikamwambia ndiyo, zote.

Njoo, Mjomba. Barua hii ichome.

Mpwa wako,
Keisaku


Sakata, 18 Novemba 1930

Mpwa wangu Keisaku,

Marahaba. Koo langu ni zima kuliko mimi mwenyewe. Mama yako na magoti yake ni wale wale. Anasema yanabashiri theluji, na kusema kweli hayajakosea bado.

Barua yako imefika, na nikupashe habari, imetujazia ukumbi.

Unajua kawaida yetu hapa. Bahasha ya kampuni ikija siifungui nyumbani. Napanda nayo jukwaani kabla ya picha, naipasua mbele ya watu, nawasomea habari za waigizaji zikiwa za moto. Wanapenda kuona inavyopasuliwa. Basi Jumamosi nikapasua, nikavuta pumzi, nikaanza: "Mjomba, shikamoo." Watu wakacheka. Nikafika kwenye magoti, wakacheka zaidi, na mama yako alikuwa amekaa pale pale mbele, akajifunika uso kwa kitambaa. Denpachi muuza samaki akapaza sauti kutoka nyuma, akauliza hayo magoti yanaigiza kwenye picha gani.

Hapo ningeweza kuacha. Lakini msimulizi akishafungua mdomo mbele ya watu haufungi katikati, Keisaku, hata nyumba iungue. Nikaendelea. Jina ulilolitaja nikaligeuza papo hapo likawa Ruri, lile analojulikana nalo kwenye picha. Yale ya ubaba nikayaruka, na yule msichana wa mgongo nikamruka, maana ningewaharibia picha ya Mwaka Mpya. Nilipofika kwenye damu nikashusha sauti, na mpiga samiseni akanifuata kwa nyuzi zake bila kuambiwa. Wanawake walilia vibaya sana. Hata polisi anayekaa kwenye kiti chake cha nyuma kulinganisha ninayosema na hati iliyopigwa muhuri, aliacha kufunua kurasa. Jumapili mwandishi wa gazeti la mji akaja nyumbani kunakili.

Umeandika vizuri kuliko mwaka jana. Ile ya mwaka jana, eti ameanguka kutoka kwenye farasi akasahau jina lake, haikuwa na uzito, halafu haikupita wiki mkaleta nyingine kwamba amepona na picha inatoka. Hii yenye mlinzi wa langoni na "ichome" ni ufundi. Mwambie mkuu wako akupandishe cheo.

Kuhusu kuja, nije kufanya nini? Huyo wenu anakufa hapa kwangu kila mwezi. Nimemuua kwa kifua, kwa upanga, kwa theluji, kwa kumtupa mtoni. Mimi ndiye ninayemtolea pumzi ya mwisho, na naitoa ndefu maana watu wamelipa. Mwezi unaofuata anarudi amepakwa poda, anauliza njia ya kwenda mji wa Edo. Siku aliyopanda treni kwenda kuigiza nilimwambia mimi na yeye basi. Basi ni basi.

Vaa nguo nzito.

Mjomba wako,
Tokuji


Kyoto, 24 Novemba 1930

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mama aniwie radhi kwa kuchekwa.

Ile haikuwa waraka. Sijui niseme vipi ili uniamini, kwa sababu maneno ninayotumia kazini ndiyo hayo hayo niliyo nayo. Waraka wa farasi niliuandika mimi, ni kweli, niliambiwa niuandike. Hii sikuambiwa na mtu. Mitsue anaumwa kweli.

Habari ya gazeti la Sakata imechapishwa tena na gazeti la Osaka. Bwana Orito ameikata na kuibandika ukutani juu ya meza zetu, akatuita mmoja mmoja. Aliponifikia aliuliza, "Wewe si mtu wa huko huko?" Nikamjibu ndiyo, lakini kwa upande wa mama. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Mimi sina upande mwingine. Akanitazama, akacheka, akasema vizuri, kwa kuwa nawajua watu wa huko wanavyopenda kuambiwa mambo, basi waraka wa kukanusha niuandike mimi.

Nimeuandika. Nilikaa nikauandika kwa mwandiko mzuri kama kawaida. Unasema kwamba Asagiri Ruri alipata mafua, sasa hajambo kabisa, anakula vizuri, na anawasalimu wapenzi wake wote wa kaskazini. Chini nimepiga muhuri wangu, maana nyaraka zote zinatoka na muhuri wangu. Utakufikia kwa mfuko wa kampuni. Ukiufungua usiuamini, Mjomba. Amini hii.

Jana nilikwenda Saga. Mwanamke anayemtunza alikuwa anafua mashuka, na maji ya beseni yalikuwa mekundu hafifu. Niliyatazama nikafikiri kwamba kwenye picha yangeonekana meusi. Ndicho nilichofikiri, basi.

Njoo hata kama hutaki kusema naye. Ukae tu chumba cha pili.

Mpwa wako,
Keisaku

3 Desemba. Barua hii imekaa ndani ya koti langu tangu siku niliyoiandika. Kila nikikaribia posta namwona mtu wa kampuni, au mtu anayefanana na mtu wa kampuni. Leo nimekwenda hadi posta ya Fushimi, ambako hakuna anayenijua. Waraka ulikwisha kuondoka wiki iliyopita.


Sakata, 4 Desemba 1930

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimu wewe mwenyewe, umenisalimia kwa muhuri. Mama yako hajambo. Theluji imefika madirishani, tunaingia na kutoka kwa kuinama kama wezi.

Waraka wa kukanusha nimeupata. Nilijua. Nilimwambia mama yako tangu mwanzo kwamba itakuja ya pili ya kusema amepona, kama ile ya farasi, na imekuja.

Lakini sasa kwa kuwa yamepita, nikwambie jambo, na ukicheka nitajua. Baada ya kukuandikia ile barua yangu sikulala vizuri. Nilikuwa nikisimulia na huku nasikia yale maneno yako, kwamba mkono wa kamera uliendelea kuzunguka. Nikasema mtu hawezi kutunga hilo. Nikaenda kwa mwenye ukumbi nikaomba ruhusa, akaleta msimulizi mmoja kutoka Tsuruoka, sauti yake kama mlango mbovu, ashike zamu yangu. Mama yako akanifungia wali wa njiani. Nilikuwa mlangoni nimevaa viatu vya majani, mzigo mgongoni, na mwenye ukumbi akaja mbio na bahasha ya kampuni mkononi.

Safari hii sikungoja jukwaa. Niliipasua pale pale theluji ikiniangukia. Nikasoma "anakula vizuri". Nikaona muhuri wako.

Nilirudi ndani nikakaa kwenye mkeka na viatu miguuni, mama yako akaketi kando. Tukafungua ule wali tukaula sisi wenyewe. Ulitaka kunileta kwa hila, we kijana, na nusura unipate.

Sikukasirika. Nikishafunga mzigo nimeshafunga. Theluji ikiyeyuka nitakuja, nitasema nimekuja kukutazama wewe.

Mwambie Mitsue kwamba katika ile picha ya daraja alishika mwavuli vibaya, kama mtu anayeogopa utaibwa. Ajue kuna mtu anaangalia.

Mjomba wako,
Tokuji


Kyoto, 11 Desemba 1930

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini njia zimefunguka na hamjambo.

Barua yako yenye habari ya mwavuli ilifika Jumatatu. Mitsue alifariki Jumapili asubuhi.

Nilikuwepo. Hakukuwa na neno la mwisho. Mwanamke anayemtunza alikuwa ameenda kuchota makaa, nami nilikuwa namenya chungwa. Nilipoinua uso ilikuwa imekwisha. Nilimalizia kulimenya.

Mwili wake ulichomwa kwa jina la Mitsue, kwa hiyo hakuna aliyejua. Tulikuwa mimi, yule mwanamke, na mtu mmoja wa kampuni aliyekuja kuhakikisha hakuna mpiga picha wa gazeti. Majivu yako chumbani kwangu, kwenye rafu ya vitabu. Kampuni haitatangaza mpaka picha ya Mwaka Mpya iwe imezunguka mikoa yote, kwani Bwana Orito anasema watu hawachangamki kumtazama maiti katika sikukuu.

Nimengoja nilie, na hakuna kinachokuja. Leo nimenakili hati ya picha hiyo, yenye muhuri wa polisi, ile ile utakayoisimulia. Nimeisoma tena kutafuta makosa na sijakosea hata herufi moja.

Ule waraka ulioupokea ukiwa mlangoni niliuandika mimi, na barua ya kukwambia usiuamini niliiweka kwenye koti. Labda mpaka sasa hujaipata. Ukiipata utaona tarehe zote mbili.

Tafadhali usimwambie mtu mpaka tangazo litoke. Naona vibaya kukuandikia hivi na naandika hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Keisaku


Sakata, 19 Januari 1931

Keisaku,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Reli ilikuwa imefungwa na theluji, na barua yako ya Fushimi na ile ya baadaye zimenifikia siku moja, zimefungwa kwa uzi mmoja. Nilianza na ya chini bila kujua, nikasoma ya mwisho kwanza.

Sina la kukulaumu. Mimi ndiye niliyesoma jukwaani.

Picha ya Mwaka Mpya imefika juma hili. Hati ilikuwa kwa mwandiko wako, nikaishika vizuri. Ukumbi ulijaa, watu wanatafuna mochi zao za mchele wa sikukuu. Nilisimulia kama kawaida. Alipoingia nikampa sauti, akamwomba mama mkwe msamaha, akafukuzwa, yote nikayasema. Halafu ikaja ile sehemu ya ufukweni, amesimama ametupa mgongo, na hati inasema aage bahari kwa maneno marefu.

Yule hakuwa yeye. Ulikwishaniandikia, nilijua, lakini kujua kwa barua ni kitu kingine. Mitsue nilimbeba mgongoni mpaka akaanza shule, na akiwa mkubwa yeye ndiye aliyekuwa akitembea mbele yangu kwenye theluji kunifungulia njia. Ule mgongo wa kwenye kitambaa cha picha ulikuwa wa mtu mwingine. Nikafungua mdomo nimpe sauti ya Mitsue, na haikutoka. Sikulia. Sauti tu haikwenda kwa mtu nisiyemjua.

Picha ikaendelea. Mpiga samiseni alinitazama, akaacha kupiga. Ikawa bahari inasogea na hakuna anayesema kitu. Polisi aliinuka nusu, akafunua hati yake, nadhani alikuwa anatafuta kama kunyamaza kumekatazwa, akakaa tena. Hakuna aliyekohoa. Mpaka mkanda ulipokwisha.

Nikajua kazi yangu pale imeisha. Badala yake mwenye ukumbi alikuja nyuma ya pazia, macho mekundu, akanishika mikono yote miwili. "Mzee Tokuji," akasema, "kesho nyamaza tena pale pale." Keshoye wakaandika kwenye bango mlangoni kwamba msimulizi atanyamaza. Watu wanatoka vijijini kwa miguu kwenye theluji kuja kusikia ninavyonyamaza. Denpachi amekuja mara mbili na mkewe. Wameleta hata msimulizi yule wa Tsuruoka ajifunze. Na mimi nanyamaza. Tangu siku ya pili nanyamaza vizuri zaidi, najua nianzie wapi, najua nivute pumzi lini. Imeshakuwa kazi.

Hakuna aliyeambiwa hapa. Mama yako anajua, hatulizungumzi.

Kuna kitu kimoja nataka nikuulize, kwa sababu wewe ulikuwa naye na mimi sikuwepo. Tangu aondoke sikumsikia. Nilimwona kila mwezi, mkubwa kama ukuta, na kila mara alipofungua mdomo ilitoka sauti yangu. Sasa nikikaa nikajaribu kumkumbuka anavyosema, hata alipokuwa mtoto, hata akiniita kula, nasikia mimi. Ile sauti ya kike ya jukwaani. Nimemuuliza mama yako, anasema alikuwa na sauti ya kawaida tu.

Alikuwa na sauti gani, Keisaku? Usiniandikie kama waraka.

Mjomba wako,
Tokuji


Kyoto, 26 Januari 1931

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mko salama na kwamba koo lako unalipumzisha.

Leo Bwana Orito ameniita akaniambia sasa tunaweza kumtangaza. Ametoa maneno yake mwenyewe, kwamba aliaga dunia akiwa na tabasamu, akiwataja wapenzi wa picha. Nimeyaandika. Waraka utaondoka Ijumaa kwa mfuko wa kampuni, una muhuri wangu, na safari hii jambo lenyewe ni la kweli ingawa maneno si ya kweli. Ukikufikia, fungua nyumbani.

Mimi nitaondoka siku hiyo hiyo na majivu. Sijaomba ruhusa, kwa sababu nikiomba nitaulizwa ni ya nini. Sijui kama nikirudi nitakuta meza yangu. Nimejaribu kuliogopa jambo hilo, kwa kuwa mimi nimezoea kuogopa, na nimeshindwa.

Kuhusu sauti, nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta niliyo nayo kweli.

Jumapili moja, kabla hajaishiwa nguvu, aliniuliza wewe unamsemesha vipi kwenye picha. Nikasema sijawahi kukusikia tangu nije Kyoto. Akasema jaribu. Nikapandisha sauti nikaibana puani, nikasema maneno mawili matatu ya kuaga. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Unamharibu baba yangu." Akaniomba nimwinue, nikamwekea mito, akakaa sawa kama ulivyokuwa ukikaa kwenye meza yako kando ya kitambaa, akafumba macho akafanya mwenyewe. Alianza na ile pumzi unayoivuta kabla hujatoa sauti ya kike, halafu akasema maneno mengi. Hayakuwa ya hati yoyote ninayoijua, na mimi nimezinakili zote. Alikuwa anajisemesha kwa kinywa chako, anajiambia mambo aliyodhani wewe ungemwambia. Samahani, Mjomba, sikuyaandika mahali, na sasa sina uhakika na hata neno moja, kwa hiyo sitakuandikia. Nakumbuka tu kwamba ilikuwa sauti yako kabisa. Yule mwanamke wa kumtunza alichungulia mlangoni, alidhani amekuja mwanamume.

Kwa hiyo mimi nami nikijaribu kumsikia, kwa sehemu kubwa nakusikia wewe.

Lakini alipomaliza alichoka, akajilaza, akaomba maji. Alisema "maji" tu. Hapo hakuwa anaigiza mtu. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia kwa mtu mdogo vile, ilikwaruza kidogo mwanzoni, na aliivuta mwishoni kama tunavyovuta sisi watu wa Sakata, ingawa hapa studioni walikuwa wamemfundisha asivute. Nilimpa. Alikunywa yote akanirudishia kikombe.

Ndiyo hiyo, Mjomba. Sina nyingine.

Mpwa wako,
Keisaku